Watoto, bibi na spika za Trinidad: majibu ya maswali yenu kuhusu carnival

Haya wasomaji wangu, toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba tulijikusanya familia nzima, mimi na mume wangu, watoto wawili na mama mkwe wangu ambaye yuko kwenye sabini na kitu, tukaenda kuiona carnival ya Trinidad, ile sherehe kubwa ya barabarani ya mavazi na muziki kwenye kisiwa cha Caribbean, basi maswali mliyonitumia ni balaa. Wengine mnataka bei, wengine mnataka kujua kama ni haramu, wengine ni umbea mtupu mnataka kujua mama mkwe alisemaje. Nimechukua yale yanayojirudia, mengine nimeyaunganisha, twende.

Mama Mapacha anauliza: Shikamoo dada. Nimeona picha za hiyo carnival, wanawake wamevaa manyoya na vichupi basi. Kweli hapo ni mahali pa kupeleka watoto wa miaka saba? Mume wangu kaniambia nikapimwe akili.

Marahaba mama mapacha, na huyo mume mwambie hajakosea sana ila amekosea siku. Hizo picha zinazozunguka mitandaoni karibu zote ni za Jumanne, siku ya mwisho, pale makundi makubwa yanapotoka na manyoya na shanga. Lakini carnival ya Trinidad ni msimu mzima, unaanza mara tu Krismasi ikipita na unakatika saa sita usiku kuamkia Jumatano ya Majivu, na humo ndani watoto wana siku zao kabisa ambazo wakubwa ni wasindikizaji tu.

Siku ya kushika ni Jumamosi ya wikiendi yenyewe ya carnival, ndio maandamano makubwa ya watoto pale Port of Spain, mji wao mkuu, na kuna mengine ya watoto yanayoandaliwa na Red Cross ambayo kwa kawaida huwa kama wiki moja nyuma. Mimi ningeambiwa nichague siku moja tu katika zote ningechukua hiyo Jumamosi, Jumanne wabaki nayo wenyewe. Yaani kuna katoto kalipita mbele yetu, sidhani kama kalifika miaka minne, kamevaa popo, hao popo ni vazi la zamani kabisa la carnival yao, sasa mabawa ni marefu kuliko kenyewe, kila kakigeuka bawa linamchapa mwenzake wa nyuma na wa nyuma analia, mama mtu anatembea pembeni pini ziko mdomoni, mkono mmoja gundi mkono mwingine boksi la juisi, anarekebisha bawa hukuhuku wanatembea kwa sababu ukisimama unasababisha foleni. Alafu wakaja wa mironjo, wanaitwa moko jumbie, asili yake Afrika Magharibi, na wengine ni watoto wa shule ya msingi, wako juu huko wanacheza kabisa na soksi zao za rangi rangi, wakichoka hawashuki, wanakaa juu ya ukuta wa watu au wanaegemea paa la basi, miguu ya mbao inaning'inia, wanapiga soda. Binti yangu hakutaka kuondoka.

Jumanne na yenyewe tuliwapeleka, masaa machache, tukakaa Ariapita Avenue karibu na Adam Smith Square, hapo ni moja ya sehemu wanapokaa majaji kwahiyo makundi yakifika yanapunguza mwendo na kujitahidi. Viuno vinakatwa, sitakudanganya, na nguo ni hizohizo ulizoona. Ila nikwambie kitu, watoto walichouliza ni hayo manyoya yametoka kwa ndege gani na ndege wenyewe wako wapi sasa hivi. Waliokuwa wanaangalia chini ni mimi na baba yao. Kama kwenu hilo halipiti basi Jumanne asubuhi chukueni gari mwende zenu ufukweni Maracas, mjini wawaachie wenyewe, mtakuwa mmeshafaidi tayari.

Mpenda Ngoma anauliza: Dada umesema steelpan mara nyingi kuliko carnival yenyewe. Ni kweli yale ni mapipa ya mafuta tu? Na mtu anasikilizaje bila kuuza shamba?

Ni mapipa ya mafuta kweli, yale ya galoni 55, yakageuzwa ala ya muziki, wao wanaiita pan kwa kifupi, na hapa nitakaa kidogo manake ndio kitu kilichonifanya niipende hii safari.

Kwanza historia fupi. Carnival waliileta wakoloni wenye asili ya Ufaransa waliohamia Trinidad baada ya 1783 wakati kisiwa bado kiko chini ya Hispania, walikuwa wanafanya dansi za vinyago kwenye majumba yao, watumwa hawahusiki. Utumwa ulipofutwa 1834, na kuachiwa kabisa 1838, walioachwa huru wakaitoa carnival majumbani wakaileta barabarani, na mienge yao na fimbo zao na ngoma zao. Serikali ya Kiingereza haikupenda. Mwaka 1881 polisi wa Kapteni Baker wakaingia kuwazuia, watu wakasimama wakapigana nao barabarani, na miaka michache mbele ikapigwa marufuku kupiga ngoma mtaani. Sasa hao jamaa ukiwanyima ngoma unafikiri wanakaa kimya? Wakakata mianzi wakawa wanaigonga chini, nene sauti nene, nyembamba sauti nyembamba. Wamekaa na mianzi mpaka miaka ya 1930 vijana wa mitaa ya kimaskini wakaanza kugonga mabati, makopo ya biskuti, mapipa ya taka, ngoma za breki za magari, wakagundua bati likibonyea mahali fulani linatoa sauti tofauti, na kwa kuwa Trinidad ni nchi ya mafuta mapipa hayakuwa shida. Winston Spree Simon, Ellie Mannette, Anthony Williams, hao ni vijana waliokuwa wanashindana nani atapata noti nyingi zaidi kwenye pipa moja. Wakati ule kumiliki pan ilikuwa inakuhesabu kuwa muhuni, wazazi wenye heshima zao walikuwa wanawachapa watoto wakiwakuta huko. Leo? 2023 Umoja wa Mataifa umeitangaza 11 Agosti kuwa siku ya steelpan duniani, na 2024 waziri mkuu wao wa wakati huo Keith Rowley akatangaza kwamba zile meli tatu za Columbus zitoke kwenye nembo ya taifa iwekwe pan. Nilipenda sana hiyo, nisiwafiche.

Kusikiliza sasa. Usikimbilie tiketi. Mashindano makubwa yanaitwa Panorama, yapo toka 1963, fainali ni Jumamosi usiku wa carnival pale Queen's Park Savannah, uwanja mkubwa wa wazi wa mjini, nzuri sana, lakini ni ndefu na watoto watakulalia mabegani. Wiki zote kabla ya hapo kila bendi inafanya mazoezi usiku kwenye uwanja wake, wanaita panyard, na kwa kawaida unaingia bure, wao faida yao ni soda na bia na chakula unachonunua pale ndani. Sisi tulienda kwa Invaders, wako Tragarete Road mkabala na uwanja wa kriketi wa Queen's Park Oval, na ndio bendi ya huyo Ellie Mannette niliyemtaja, na siku nyingine Phase II kule Woodbrook. Nenda kama saa mbili usiku, mkae karibu.

Ukikaa karibu ndio utaelewa. Bendi kubwa ina wapigaji mia na ushee, karibu wote hawasomi noti, wimbo wa dakika nane wameukariri kichwani. Mwalimu wao anagonga chuma, wote wanasimama kwa pamoja, anawaimbia kipande kidogo kwa mdomo, wanakirudia, anagonga tena hapana, wanakirudia, na wewe uliyekaa pale unaanza kukisikia kosa kabla hajagonga. Mpiga besi mmoja amesimama katikati ya mapipa mazima sita, yamemzunguka, anageuka huku anageuka kule shati limelowa chapachapa. Nyuma kule kuna wanaogonga ngoma za breki za magari kwa nondo, hao ndio injini. Mwanangu wa kiume alikuwa analalamika amechoka anataka kulala, kabinti kamoja ka bendi kama miaka kumi na mbili kakamwita wakati wa mapumziko, kakampa vile vijiti vyenye raba mwishoni, kakamwekea mkono, piga hapa, sasa hapa, sasa rudi hapa. Kimetoka kipande cha wimbo kweli. Tokea siku hiyo sufuria zangu hazina amani.

Kwahiyo jibu fupi ni hili, hela yako ya tiketi za fete, zile sherehe zao za kulipia kiingilio, ikaushe, usiku wa panyard mbili tatu unamaliza.

Mtoto wa Mwisho anauliza: Natamani kumpeleka mama yangu, ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Atafaidi au atakaa hotelini analia? Na mama mkwe wako alionaje, sema ukweli.

Nilijua tu. Mama mkwe wangu alifaidi kutuzidi, kwa sababu alikataa kabisa kufuata ratiba ya mtu.

Mzee mwenye magoti usimsimamishe barabarani. Pale Savannah kuna majukwaa mawili yanatazamana, North Stand na Grand Stand. North Stand ni ya vijana, wanaingia na masanduku ya barafu yenye vinywaji na ngoma zao, watu wanarukaruka mpaka mbao zinatikisika. Mzee mpeleke Grand Stand, kuna viti na kivuli, na siku yake ni Jumapili usiku, inaitwa Dimanche Gras, wanatoka wafalme na malkia wa mavazi na wanashindana waimbaji wa kalipso, muziki wao wa asili. Hayo mavazi ya wafalme na malkia mengine ni makubwa kiasi kwamba yamewekewa magurudumu, mtu mmoja yuko katikati anayavuta na kuyachezesha. Ndio sanaa iliyomtoa mtu kama Peter Minshall, huyo alianza na mavazi ya carnival hii mpaka akaitwa kusaidia kuandaa sherehe za ufunguzi za Olimpiki za Barcelona 1992 na Atlanta 1996. Na kwenye kalipso mwambie mama yako kuhusu Calypso Rose, 1978 alishinda taji lililokuwa linaitwa la mfalme wa kalipso, mwanamke kashinda ufalme, ikabidi wabadilishe jina la taji. Mama mkwe hiyo habari amewasimulia wanawake wenzake wote anaowajua.

Kitu kingine cha wazee, Ijumaa alfajiri kabisa wanaigiza zile vurugu za 1881 pale Piccadilly, mtaani, na mienge na fimbo na askari wa kizamani. Inaanza kabla jua halijatoka. Sisi vijana tulikuwa tunasinzia, yeye saa kumi alishaoga anatugongea milango.

Halafu sasa kuna huyu mhusika anaitwa Midnight Robber, jambazi wa usiku wa manane, amevaa joho jeusi na kofia pana kama mwavuli imezungushiwa pindo zinaning'inia, anapuliza filimbi, anakuzuia njia, anaanza kujisifu kwa sauti nzito, siku aliyozaliwa jua lilizima, mito ikakauka, simba wakamkimbia, na hakuachii mpaka utoe chochote. Alimkamata mama mkwe. Yeye Kiingereza chake ni cha salamu tu, akasimama ametulia amefumbata mikono, akamsikiliza mpaka mwisho bila kucheka, kisha akamshika yule jambazi mkono na kumwambia kwa Kiswahili, pole sana baba, Mungu atakufungulia. Alidhani mwenzake anaeleza shida zake. Akampa noti. Jambazi mwenyewe akasahau mistari iliyobaki.

Umm wa Wanne anauliza: Assalaam alaykum. Sisi ni Waislamu, watoto wanapenda sana muziki wa pan shuleni kwao. Chakula tutapata? Na tarehe zinaendaje na Ramadhani?

Waalaykum salaam dada yangu. Chakula ondoa wasiwasi. Trinidad ina Waislamu wa siku nyingi, wengi ni wajukuu wa watu walioletwa kutoka India kufanya kazi za mashamba ya miwa, meli ya kwanza ilifika 1845, na Idi el Fitri ni sikukuu ya kitaifa kabisa ofisi zinafungwa. Halali inaandikwa mlangoni. Na kile chakula chao cha barabarani kinachopendwa kuliko vyote, doubles, hakina nyama, ni mikate miwili laini ya kukaanga inawekewa mchuzi wa dengu katikati na chatne na pilipili, unakula umesimama, umeinama kidogo ili mchuzi usikumwagikie. Pilipili waambie kidogo sana, kidogo yao ni nyingi. Watoto wangu walikula asubuhi, mchana na jioni.

Tarehe ndio ya kuangalia vizuri. Carnival inafuata Pasaka kwahiyo inahama kila mwaka. 2027 ni tarehe 8 na 9 Februari, na Ramadhani ya mwaka huo inatarajiwa kuandama siku hizohizo, kwahiyo kwenu nyie hiyo hapana. 2028 ni 28 na 29 Februari, na hesabu zinaonyesha Idi itakuwa siku moja mbili tu kabla yake. Yaani mkipanga safari mapema mnaweza kusali Idi hukohuko Trinidad alafu watoto wakamalizia na pan. Ningekuwa wewe ningeshaanza kuweka akiba leo.

Kaka Bajeti anauliza: Tuambie hela. Usizunguke.

Sizunguki kaka. Kinachokula hela ni ndege na malazi, carnival yenyewe ukiwa mtazamaji barabarani ni bure.

Malazi ya Port of Spain wiki hiyo yanapanda na hoteli nyingi zinakulazimisha kuchukua siku kadhaa kwa mkupuo, hawakuuzii usiku mmoja. Tukiwa tunatafuta, mwenye nyumba mmoja tuliyekubaliana naye kwa meseji akatugeuka bei miezi miwili kabla ya safari, hivo kila kitu kiwe kwenye maandishi na risiti. Hela yao ni dola ya Trinidad na Tobago, dola moja ya Marekani inakupa karibu dola 6.8 za kwao, na mtu akikutajia bei muulize dola ya wapi, hasa madereva wa uwanja wa ndege wa Piarco. Doubles haizidi dola 10 za kwao, ukila hizo na supu ya mahindi ya pale Savannah hamfi njaa wala hamfilisiki. Toeni hela kabla ya wikiendi kwa sababu Jumatatu na Jumanne, japo kisheria sio sikukuu, benki, shule na maduka karibu yote yanafungwa.

Ukitaka kuvaa na kuandamana na kundi hiyo ni habari nyingine, vazi la mtu mzima linaanzia dola mia kadhaa za Marekani na mengine yanapita 1,000, na unajiandikisha miezi mingi kabla, makundi yanaonyesha mavazi yao katikati ya mwaka uliotangulia na mazuri yanaisha haraka. Humo ndani unapata chakula, vinywaji, lori la choo na walinzi wanaotembea na kamba kulizunguka kundi. Makundi ya watoto bei yake ni nafuu mno ukilinganisha, kama una hela ya vazi moja tu mvishe mtoto.

Ndege, ukipitia Marekani hata kama unabadilisha tu uwanjani unaweza kudaiwa visa ya kupita, wengi hapo ndipo wanapokwamia, pigia hesabu London au Panama, ila London nayo inaweza kukudai visa ya kupita kulingana na pasi yako. Visa ya Trinidad yenyewe inategemea pasi unayobeba. Na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano beba, ukitokea nchi yenye huo ugonjwa wanaidai, mtoto pia.

Baba Mwoga anauliza: Nasikia Port of Spain ina ujambazi wa bunduki. Watoto wakipotea kwenye umati je?

Una haki ya kuogopa. Ujambazi upo, mwishoni mwa Desemba 2024 serikali ilitangaza hali ya hatari nchi nzima na carnival ya 2025 ikafanyika ndani yake hivohivo, polisi na wanajeshi wamejaa. Sisi kanuni yetu ilikuwa rahisi, usiku hatutembei kwa miguu, tuna dereva mmoja tuliyemzoea, gari lake lina namba inayoanza na H maana hizo ndio za biashara, zinazoanza na P ni za binafsi hata kama mtu anakuita kwa upole namna gani. Pochi na simu tumboni, dhahabu iacheni nyumbani.

Watoto tuliwaandikia namba ya simu mkononi kwa kalamu isiyofutika, kila asubuhi, na tukawaonyesha jengo la kukutania. Pale Savannah upande wa magharibi kuna majumba saba ya zamani yamepangana, wanayaita Magnificent Seven, moja ni kasri kabisa, Stollmeyer's Castle, mtoto halisahau hilo.

Ila ninachokiona mimi ni hatari ya uhakika kuliko majambazi ni masikio. Yale malori ya muziki yamepangwa spika mpaka juu, likipita unasikia mbavu zinacheza. Wanunulie watoto zile hedifoni za kuzuia kelele, za kufunika sikio lote, na msisimame upande lori linapopitia karibu na ukingo. Vizibo vidogo vya kuchomeka vinadondoka mtoto akicheza.

Na hili msiseme sikuwaambia, nguo za kombati zile za mabaka ya jeshi ni marufuku kisheria kwa raia Trinidad. Suruali, kofia, begi la mtoto, hata kaptula ya mtoto mchanga. Wanaweza kukuvulisha uwanja wa ndege. Kagua masanduku.

Mama Kijana anauliza: Mwanangu wa miaka 16 amesoma kuhusu J'ouvert na anataka kwenda. Nimruhusu?

Hapana. J'ouvert inaanza usiku wa manane wa kuamkia Jumatatu mpaka jua linatoka, watu wanapakana tope, rangi, mafuta na hata chokoleti, wengi wamelewa, giza. Mtu mzima anayeipenda ataipenda kuliko kitu kingine chochote, mume wangu alirudi saa moja asubuhi ni tope kuanzia kope mpaka kucha, mwenye nyumba akamwogesha kwa mpira wa bustani kabla hajaingia ndani, na mpaka leo anasema ndio siku nzuri ya maisha yake, harusi yetu sijui ilikuwa nini. Lakini sio ya miaka 16.

Huyo kijana mpandishe Paramin Jumatatu jioni, ni kijiji kwenye milima juu ya mji, ndipo kwao mashetani ya bluu. Vijana wamejipaka rangi ya bluu mwili mzima, wanatema moto, wanagonga makopo, wanakufuata wanadai hela huku wamekutolea macho. Utampa hela ili aende zake na hataenda. Wadogo wasiende, wangu waliota usiku kucha, lakini wa 16 atapata alichokuwa anakitafuta na wewe umesimama pembeni unamwona.

Mwalimu anauliza: Februari ni katikati ya muhula. Hakuna ya likizo?

Zipo mwalimu. Barbados wana Crop Over, kilele chake ni Jumatatu ya kwanza ya Agosti na kuna siku ya watoto kabla yake, Antigua nao ni mwanzoni mwa Agosti, Grenada ni Agosti pia. Ukishindwa kufika Caribbean kabisa, Notting Hill pale London ni mwishoni mwa Agosti, Jumapili ndio siku ya familia, na bendi za pan zipo. Ila mapipa ya Trinidad utayakosa na mimi siwezi kukuambia ni sawasawa.

Msafiri wa Kwanza anauliza: Tukimaliza Jumanne turudi Jumatano?

Msirudi Jumatano. Ndege zimejaa, bei juu, na wote mmechoka. Jumatano ya Majivu Wakatoliki wanaenda kanisani kupakwa majivu na nusu ya nchi iliyobaki iko ufukweni, Maracas utakuta foleni ya magari kuanzia mlimani, watu wanakula mkate wa kukaanga na samaki papa hawaongei. Alhamisi ndio mkae na watoto. Tobago, kisiwa chao cha pili, kwa ndege ni kama dakika 25, kwa feri masaa matatu na zaidi, na bahari hapo inatikisa, sisi kwa ajili ya bibi tuliiacha. Tulienda bwawa la Caroni, kusini ya mji, sio mbali, unapanda boti mnaingia ndani ya mikoko taratibu, jua likikaribia kuzama wanakuja ndege wekundu kabisa, scarlet ibis, ndege wa taifa wa Trinidad, makundi kwa makundi wanatua kwenye kisiwa kimoja cha miti mpaka kijani haionekani. Binti yangu hapo ndipo alipata jibu la swali lake la manyoya, japo nilimweleza ya kwenye mavazi hayatoki kwa hawa, hawa wanalindwa na sheria, ukimkamata mmoja faini yake utaikumbuka. Boti zinaondoka kama saa kumi jioni, nafasi mchukue siku moja kabla, na watoto wapakeni dawa ya mbu kabla hamjashuka kwenye gari.